Siku Moja ya Ziada: Safari Yangu ya Kwanza Ziwani Tanganyika

Kwa miaka tisa nilichora Ziwa Tanganyika ubaoni kila muhula wa pili. Wanafunzi wangu wa Bukavu waliandika walichoambiwa: urefu wa kilomita 670 hivi, kina cha mita 1,470, nchi nne zinazoligawana, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mstari wa pwani niliuchora kwa mkono uliozoea, na upande wa magharibi, karibu na Baraka, niliongeza kidole kirefu cha nchi kavu kinachoitwa Ubwari. Kisha nilifuta ubao. Siku moja mwanafunzi aliniuliza kama ukiwa kwenye boti unaweza kuona kuwa Ubwari imeshikana na bara, au inaonekana kama kisiwa. Nilikosa jibu, kwa sababu sikuwahi kulala hata usiku mmoja kando ya ziwa hilo.

Likizo kubwa ya mwaka 2019 ndipo nilipoamua kwenda na mdogo wangu wa kiume. Nilikaa mezani na daftari nikapanga siku nane: Uvira, Bujumbura, Baraka, Ubwari, kisha Kalemie, halafu kurudi. Rafiki yangu anayeishi Ulaya alikuwa amenisimulia jinsi watu wanavyozunguka visiwa vya Ugiriki kwa meli, leo kisiwa hiki, kesho kile. Nilitamani kufanya hivyo kwetu. Hatuna visiwa vingi upande huu wa ziwa, lakini tuna vijiji ambavyo barabara ikiharibika havifikiki ila kwa maji, na kwa msafiri kijiji cha namna hiyo na kisiwa ni kitu kimoja.

Tuliondoka Bukavu Alhamisi tarehe 11 Julai. Barabara ya Taifa namba 5 inapita Nyangezi, halafu inashuka kwenye miteremko ya Ngomo, ambako dereva hazungumzi na abiria nao hunyamaza. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni hewa tupu. Ziwa Kivu, lililo kando ya Bukavu, liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika iko kwenye mita 770 na kitu. Mto Ruzizi unaporomoka tofauti hiyo yote kwa mwendo wa kilomita mia na kidogo, na gari linashuka pamoja nao. Tulipofika Kamanyola tulivua makoti. Luvungi tulifungua madirisha yote. Sange tulinunua miwa na maji, na jioni, baada ya Kiliba, milima ya Mitumba ilikuwa imeinama kulia kwetu na mbele kukawa na rangi ya fedha iliyotanda mpaka Burundi. Mdogo wangu alisema neno moja tu: “Bahari.” Sikumsahihisha.

Baba mkubwa alitupokea kwake Uvira, karibu na mto Kalimabenge. Alifanya kazi ya kupakia mizigo bandarini Kalundu tangu ujana wake, na sasa amestaafu. Baada ya bugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, nilimwonyesha daftari langu. Alilisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

“Mtoto wangu, hapa umeandika Jumatatu Baraka, Jumanne Ubwari, Jumatano Kalemie. Na upepo umeuandika wapi?”

“Upepo gani, baba mkubwa?”

“Huu wa kiangazi. Unatoka kusini, unapita urefu wote wa ziwa bila kizuizi. Ukifika huku kwetu umekwisha kuzoea kuwa mkubwa. Boti haitoki. Hata mwenye boti akitaka, haitoki.”

Alichukua kalamu akafuta Kalemie. Akafuta na Bujumbura. Chini ya Ubwari akaandika: siku moja ya ziada. Nilihuzunika, sitaficha. Si mbali sana, ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira, huko Burundi, kulikuwa na jiwe la Mugere ambalo nililifundisha kila mwaka, lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Lakini mtu aliyepakia boti miaka arobaini akikwambia kitu juu ya maji, unafuata.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za Uvira, na ninamshauri kila anayekuja mara ya kwanza asiufanye mji huu kuwa mahali pa kubadilishia gari tu. Umebanwa kati ya mlima na ziwa mpaka unaonekana kama mtu aliyekaa kwenye benchi jembamba. Mito mitatu, Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, inaukata ikishuka kwa nguvu kutoka Mitumba. Asubuhi nenda ufukweni boti za wavuvi zinaporudi: utaona ndagala wakimwagwa kama sarafu, na samaki aina ya mukeke waliopangwa kichwa na mkia kwenye beseni za akina mama, ambao hujua bei kabla boti haijagusa mchanga. Tulipita pia katika Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, kile ambacho wote wanakiita CRH. Mtafiti mmoja alitueleza kwa subira kwamba ziwa hili lina umri wa mamilioni ya miaka, na kwamba sehemu kubwa ya samaki wake wadogo waishio kwenye mawe hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wengine hulea mayai na watoto mdomoni. Akasema jambo ambalo nililiandika kwa herufi kubwa: huku kaskazini, ukishuka kama mita mia moja, hewa ya oksijeni inakwisha. Maji yote yaliyo chini ya hapo, zaidi ya kilomita moja, samaki hawezi kuishi ndani yake. Uhai wote tunaoula na kuuza unaelea kwenye tabaka jembamba la juu. Tangu siku ile sioni ndagala sahanini bila kufikiri hivyo.

Jumamosi alasiri tulikwenda Kalundu kutafuta boti, na hapo ndipo nilipojifunza kupanga. Kuna meli za mizigo ziendazo Kalemie na Kigoma, na kuna boti za mbao zenye injini zinazofuata pwani: Makobola, Swima, Mboko, Baraka. Ratiba haibandikwi ukutani. Iko kwa watu, na lazima uiulize kwa watatu: mwenye boti, mpakiaji, na mama muuza chakula pale gatini. Mwenye boti atakutajia saa anayotamani. Mpakiaji atakwambia mizigo imefikia wapi. Mama muuza chakula ndiye anayejua boti ipi ilitoka kweli jana. Na ukitajiwa “saa nane”, uliza kama ni ya Kiswahili au ya Kifaransa, kwa maana moja ni mchana baada ya chakula na nyingine ni asubuhi, na watu wamekwisha kuachwa kwa sababu ya tofauti hiyo. Anayeendelea mpaka Kigoma akumbuke pia kwamba Tanzania iko mbele yetu saa moja.

Mama mmoja alituambia, “Panda ile ya alfajiri, yaya. Asubuhi ziwa linalala. Mchana linaamka na hasira zake.” Kisha akauliza kama tuna makoti ya kuelea. Hatukuwa nayo. Akatuonyesha anayekodisha. Mwezi Desemba 2014 meli MV Mutambala ilizama huko kusini, upande wa Katanga, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Pwani hii yote bado inaomboleza. Boti isiyo na makoti, au iliyojaa mpaka maji yanagusa ubao wa juu, iache iende. Utapata nyingine, hata kama ni kesho kutwa.

Tuliondoka Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Pale gatini tulinawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto, maana Ebola ilikuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ofisa alikagua kadi zetu za mpiga kura, akaandika majina yetu kwenye orodha ya abiria. Niliomba nione kama majina yameandikwa sawa, na hilo nalo ninalishauri: orodha ile ndiyo itakayojulisha nyumbani kwenu kama kuna lolote. Tulikaa juu ya magunia ya unga, kuku chini ya benchi, na mtoto mchanga wa jirani mapajani mwangu kwa sababu mama yake alikuwa na wengine wawili.

Barabara ya Uvira hadi Baraka ina kilomita kama 90, na kutoka majini unaiona ikihangaika: inapanda kilima, inajificha, inatokea kwenye mto ambao daraja lake limechoka. Boti yetu ilipita mbele ya vijiji kwa utulivu, ikisimama palipo na mkono unaopungwa. Mtumbwi ulitoka ufukweni kuleta abiria na mihogo, ukarudi na sabuni na chumvi. Nilielewa hapo kwamba ziwa halitenganishi vijiji hivi. Wenyeji wanapanga harusi, matanga na soko kwa maji. Wavira, Wafuliiru, Wabembe na Wabwari walikuwa kwenye boti moja, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa hii ninayoiandika, ambayo ilikuja upande huu kwa mitumbwi ya Ujiji.

Ilikuja pamoja na machungu, na ninayataja kwa sababu wanafunzi wangu ni wajukuu wa watu wa pwani hii. Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira kwa mtumbwi kutoka Ujiji, walikuta ni soko la pembe za ndovu na la watumwa. Walikuwa wanatafuta mto utokao ziwani kwenda kaskazini, wakitumaini ni chanzo cha Nili. Walikuwa karibu kabisa na mdomo wa Ruzizi, lakini wapiga makasia walikataa kusonga mbele kwa kuwaogopa watu wa huko, na Burton mwenyewe aliumwa vidonda vya mdomo hata kusema ilikuwa taabu. Wakageuza. Wenyeji waliwaambia kwamba Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Ulaya iliendelea kubishana miaka 13, mpaka Livingstone na Stanley walipokwenda kuiona wenyewe mwaka 1871. Na njiani kwenda Uvira Burton alikuwa amepita Ubwari, akaiandika kuwa ni kisiwa.

Ghuba iliyo kati ya Ubwari na Baraka leo inaitwa kwenye ramani Ghuba ya Burton. Tulipoikaribia mchana ule, nilisimama nikishika kamba. Kushoto kwetu kulikuwa na rasi ya Banza, ncha ya kaskazini ya Ubwari, ya mawe na miti michache. Kati yake na bara kulikuwa na maji mapana, yaendayo kusini mpaka jicho linachoka. Sikuona mwisho. Ningekuwa Burton ningeandika neno lile lile. Hapo nilipata nusu ya jibu la mwanafunzi wangu: ndiyo, inaonekana kama kisiwa.

Baraka ina soko kubwa na joto la kweli. Tulilala nyumba ya wageni ya misheni, tukala mukeke wa kuchoma na sombe. Nitasema machache juu ya matumizi ya kila siku kwa anayefuata njia hii. Dola iliyochanika hata kidogo haipokelewi, kwa hiyo beba noti safi, na faranga nyingi ndogo kwa boti na mitumbwi. Simu yenye huduma ya fedha itakufaa mjini, lakini si ng'ambo ya ghuba. Kunywa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, maana kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa Uvira na majirani zake. Usioge ziwani jioni karibu na midomo ya mito, kwa ajili ya viboko na mamba. Usipige picha bandari, madaraja wala askari bila ruhusa. Na kabla ya kila hatua, uliza hali ya usalama kwa walio pale, siku ile ile. Habari za wiki iliyopita ni za zamani.

Jumanne tulivuka ghuba kwa boti ndogo. Chini ya maji, huko kwenye rasi ya Banza, wanasayansi waliozamia miaka ya 1980 walikuta chemchemi za maji ya moto zikitoka sakafuni mwa ziwa, kwa kuwa bonde la ufa bado linapasuka taratibu. Juu hakukuwa na dalili yoyote, ni mawimbi madogo tu na ndege mweupe. Tulifikia kijiji kimoja upande wa ghuba, tukapelekwa kwanza kwa chifu kujitambulisha, na yeye akatupa mwenyeji, mvuvi wa makamo na mkewe.

Usiku ule hakuna boti iliyotoka kuvua. Nilidhani kuna msiba. Mwenyeji wetu alicheka kwa upole, akaelekeza kidevu juu. Mwezi ulikuwa mpevu. Ndagala huvuliwa kwa taa, alieleza, na mbalamwezi ikijaa, taa haina kazi, samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo kila mwezi wavuvi hupumzika siku kadhaa, hushona nyavu na kukaa na watoto. Tulikuwa tumekaa nje saa nne usiku, wakati upande mmoja wa mwezi ulipoanza kuliwa na kivuli. Ilikuwa tarehe 16 Julai, usiku wa kupatwa kwa mwezi, na mimi mwalimu wa jiografia nilikuwa nimesahau. Kijiji kizima kilitoka. Nilichukua chungwa, limau na taa ya sola, nikawaeleza watoto jinsi dunia inavyosimama katikati. Bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Sawa, mwalimu. Lakini kesho utaona upepo.”

Upepo ulianza kabla ya alfajiri. Asubuhi ghuba ilikuwa nyeupe kwa povu, na mwenye boti hakuja hata kuomba radhi. Hakukuwa na haja. Katika daftari la kwanza, lile la Bukavu, Jumatano hii nilikuwa Kalemie. Katika daftari alilolirekebisha baba mkubwa, ilikuwa siku ya ziada. Nilikaa kizingitini nikimshukuru kimoyomoyo. Baadaye rafiki yangu wa Ulaya aliniandikia kuwa hata huko Ugiriki upepo wa kiangazi uitwao meltemi huzifungia meli kubwa bandarini, na wanaojua hawapangi kivuko cha mwisho siku moja na ndege ya kurudi. Baba mkubwa hajafika Ugiriki, lakini ushauri wake ni ule ule.

Mwenyeji wetu alisema, “Kwa kuwa hamwezi kuondoka, njooni muone mlipofika.” Tukapanda naye mlima unaopita katikati ya Ubwari kama uti wa mgongo. Ilituchukua asubuhi nzima, kati ya mashamba ya mihogo na mawe ya moto. Kiangazi huwa kuna ukungu wa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na siku mbili zilizopita hatukuona hata ng'ambo. Lakini upepo ule ule uliotufunga ulikuwa umefagia hewa yote. Tulipofika kileleni, mashariki kulikuwa na ziwa lenyewe, la buluu nzito, na milima ya Burundi na ya Tanzania upande wa pili. Magharibi kulikuwa na ghuba, na Baraka kama punje za mchele. Mwenyeji akanishika bega akanigeuza kusini.

Ghuba iliishia pale. Ilizidi kuwa nyembamba, ikapauka, kisha ikawa nchi. Milima ya Ubwari na milima ya bara ilikutana, na moshi wa nyumba ulipanda kutoka kwenye shingo hiyo kana kwamba hakuna jambo la ajabu. “Wazungu walisema sisi ni kisiwa,” mwenyeji alisema. “Babu zetu walikwenda Fizi kwa miguu.”

Nilikaa juu ya jiwe. Siyo ujinga uliomfanya Burton akosee. Alikuwa mgonjwa, alikuwa na haraka, na alipita. Alichokosa pwani hii, hapa na kule Ruzizi, kilikuwa siku moja au mbili za kukaa, na masikio ya kuwaamini waliokaa zaidi yake. Mimi nami ningepita. Ningeondoka alfajiri na boti, na kurudi darasani na nusu ya jibu.

Alhamisi ziwa lilitulia, tukarudi Baraka, Ijumaa Uvira, Jumamosi nyumbani. Nimeandika haya nikijua kwamba njia hii haijakaa kama tulivyoiacha. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba watu na nyumba zao. Ziwa lenyewe likapanda, likameza fukwe tulizotembea, na kuingia bandarini Kalundu. Februari 2025 vita vilifika Bukavu, na Desemba mwaka huo vikafika Uvira, na maelfu ya jirani zetu wakavuka kwenda Burundi na mabegi kichwani. Kwa hiyo simwambii mtu afunge mzigo kesho. Ninamwambia apange, kwa sababu kupanga safari kwenda mahali ni namna ya kukataa kwamba mahali hapo ni habari za vita peke yake. Amani ikiruhusu, chagua vituo vitatu badala ya sita, panda boti ya alfajiri, na andika siku ya ziada kabla hujaandika kitu kingine.

Mimi sasa nikichora Tanganyika ubaoni, siichori tena Ubwari kama kidole cha kumalizia. Ninaanza na ile shingo ya kusini, palipokuwa na moshi wa nyumba, ndipo nipandishe chaki kaskazini mpaka Banza. Na pembeni, mahali ambapo zamani niliandika kina na urefu, ninawaambia wanafunzi waache mstari mmoja mtupu.

“Wa nini, mwalimu?”

“Wa upepo,” ninawajibu.